Kikoti cha mtoto mchanga kwa msimu wa kusi: safu mbili, kamba nne

Hata kusi, upepo wa kusini-mashariki, likishika, Julai na Agosti, usiku wa Lamu na Malindi hubaki juu ya nyuzi 20. Hali hiyo haitaki nguo nene. Kinachomsumbua mtoto mchanga ni upepo wenye unyevu, akipakatwa kwenye boti ya Mokowe au kwenye tuktuk ya Malindi asubuhi mapema, akipelekwa kliniki. Sweta la sufu linaloletwa zawadi na jamaa wa bara halimfai hapo: matundu yake hupitisha upepo akiwa njiani, na akishaingia ndani linamtoa jasho. Safu mbili nyepesi za pamba iliyofumwa kwa kubana, flaneli nje na bafta (pamba nyeupe nyepesi) au leso (kanga) ndani, huzuia upepo na kunywa jasho, na ile hewa kidogo iliyobaki katikati yake ndiyo inayotunza joto.

Mtindo ni wa kukunjiana kifuani na kufungwa kwa kamba ubavuni. Haupiti kichwani. Unakitandika kikoti kitandani kikiwa wazi, unamlaza mtoto juu yake, unaingiza mkono mmoja, kisha wa pili, unafunga. Aliyewahi kumvisha mtoto wa mwezi mmoja fulana ya kupitisha kichwani, shingo ikiwa bado haijakaza, hahitaji kuelezwa faida yake.

Kuhusu kipimo, neno moja kabla ya mkasi. Wengi humkatia mtoto nguo ya kipimo cha siku ya kuzaliwa. Lakini kwetu mtoto hukaa ndani mpaka arobaini iishe, na ndani hana haja ya koti. Siku anayotoka tayari ana wiki karibu sita. Vipimo vya hapa basi ni vya mtoto wa mwezi mmoja na nusu hadi miezi minne. Ukitaka cha miezi minne hadi saba, ongeza sm 2 kwenye urefu, sm 1.5 kwenye mkono na sm 1 kwenye nusu ya upana. Kwa mtoto njiti punguza sm 3 kwenye mkono na sm 1.5 kwenye nusu ya upana, lakini urefu uache vilevile. Urefu hauna hasara.

Vitambaa

Flaneli ya pamba tupu: sm 70 ikiwa upana wa jora ni sm 90 au 115, au sm 40 ikiwa upana ni sm 150. Bitana, yaani kitambaa cha ndani, ni kiasi hichohicho cha bafta, au leso moja. Kamba zitatoka kwenye mabaki.

Mwenye duka atakwambia ni pamba. Omba nyuzi mbili tatu kutoka ukingoni, uzichome nje ya duka. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu linalopukutika. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na kuacha kitone kigumu cheusi. Kitambaa cha kuyeyuka usimvishe mtoto katika nyumba yenye jiko la makaa. Cheche ikikiangukia, hushikana na ngozi. Hata pasipo moto hakinywi jasho, na shingo ya mtoto huweza kutoka vipele.

Kisha pima ubora wa flaneli yenyewe. Sugua uso kwa uso kwa kidole gumba, mara ishirini hivi. Ikianza kutoa vidonge vya manyoya ukiwa bado dukani, ikifuliwa mara tatu itakuwa na upara. Iinue kwenye mwanga pia: ukiona vidirisha baina ya nyuzi, upepo nao utaviona.

Kwa bitana, hakuna kitambaa kinachoishinda leso iliyokwisha kuvaliwa mwaka mmoja au miwili. Imefuliwa mara nyingi, ugumu wa kiwandani umetoka, rangi imetulia, haisinyai tena. Ila kuna leso zilizochoka kupita kiasi. Ishike kwa vidole gumba viwili vilivyo karibu, uvute kwa nguvu kuelekea pande mbili. Ukisikia nyuzi zinakatika, hiyo ni ya kufutia meza. Leso mpya nayo yafaa, mradi uiloweke na kuifua peke yake mpaka maji yatoke meupe. Nyekundu na nyeusi ndizo zinazochuja zaidi, na rangi ikihamia kwenye flaneli nyeupe haitoki.

Leso ina sm 150 kwa 110 hivi, na vipande vyote vya bitana hukaa kwenye ukanda wa sm 35 tu. Ukiwa na jicho zuri unaweza kupanga lile jina la leso liangukie mgongoni kwa ndani, lisomeke pale kikoti kinapofunuliwa. Linganisha katikati ya maandishi na uti wa mgongo wa kigezo, ile karatasi ya kukatia. Likikosea kwa sm 2 tu litaonekana limekosea, kwa hiyo pima, usikadirie.

Fua kila kitambaa kabla ya kukikata, kwa maji ya moto, ukianike juani, ukipige pasi. Flaneli ya pamba inaweza kurudi sm 5 katika kila mita, tena kwenye urefu kuliko upana. Kikoti cha sm 30 kikipoteza sm 1.5 si tatizo. Tatizo ni pale flaneli inaporudi na leso ya zamani isirudi: bitana huning'inia chini ya pindo kama shimizi, na hakuna pasi itakayoinyoosha.

Vifaa vingine ni vya kawaida: uzi wa poliesta (ni imara kuliko wa pamba, na kwa kuwa mwingi uko ndani ya mshono haumsumbui mtoto), sindano ya cherehani namba 80, ambayo pakiti nyingine huiita 12, sindano nyembamba ya mkono, subana kwa anayeitumia, chaki, futi, mkasi mkali. Pini zihesabu. Toa 20 na uandike 20. Kazi ikiisha, zihesabu tena kabla ya kufunga mshono wa mwisho. Pini iliyosahaulika baina ya flaneli na leso haionekani wala haipapasiki mpaka iwe imemchoma mtoto.

Tena pini zisilale kwenye kitambaa. Hewa ya chumvi ya Lamu inatosha kutia kutu usiku mmoja, na doa la kutu kwenye bafta ni gumu kutoka. Ukilazimika kuacha kazi mpaka kesho, shikiza kwa bandi ya uzi, yaani mishono mirefu ya muda, utoe pini zote.

Kigezo

Karatasi ya kaki ni bora kuliko gazeti, kwa sababu wino wa gazeti hupaka bitana. Vipimo vifuatavyo havina nafasi ya mshono. Hiyo utaiongeza wakati wa kukata.

Mgongo huchorwa nusu, kwa kuwa kitambaa kitakunjwa. Piga mstari wa wima wa sm 30: huo ni uti wa mgongo. Kutoka ncha ya juu piga mstari wa mlalo wa sm 25: hilo ni bega na mkono kwa pamoja, maana mtindo huu hauna mkono wa kupachika. Mwisho wa mstari huo teremka sm 8.5, hapo ndipo kifundo cha mkono. Rudi chini kabisa ya uti wa mgongo, pima sm 13 kwa mlalo, kisha panda wima kutoka hapo mpaka zibaki sm 11 kufikia usawa wa bega. Hapo ni kwapa. Unganisha kwapa na ncha ya chini ya kifundo. Kona iliyotokea usiiache na ncha: izungushe kwa tao linaloanza sm 3 chini ya kwapa na kuishia sm 3 ndani ya mkono. Mdomo wa kikombe cha chai hufaa. Kwa shingo, pima sm 4.5 kwenye mstari wa bega na sm 1.5 kuteremka kwenye uti wa mgongo, uunganishe kwa tao jepesi.

Kifua: fuatisha mgongo wote isipokuwa shingo. Halafu panua kupita uti wa mgongo kwa sm 9, yaani hiyo sehemu ya kukunjiana. Kwenye ukingo mpya weka alama sm 15 chini ya usawa wa bega. Kutoka ile nukta ya shingo ya sm 4.5, piga mstari wa mshazari moja kwa moja mpaka kwenye alama. Kona ya chini ya ukingo izungushe kwa kikombe kilekile. Ukipima, mshazari unakata katikati ya kifua sm 5 chini ya shingo, ambapo ni juu ya kutosha kuzuia upepo na chini ya kutosha kutomgusa kidevu.

Weka vigezo viwili kimoja juu ya kingine. Bega, mkono, kwapa na ubavu lazima vifuatane kabisa. Visipofuatana kwenye karatasi, havitafuatana kwenye kitambaa, na utajikuta ukivuta kitambaa kwa nguvu chini ya sindano ili kifike.

Kukata

Urefu wa kikoti ufuate mtande, ule uzi unaokwenda sambamba na ukingo wa jora. Mshindio, uzi unaoukatiza mtande, hulegea kidogo, na ulegevu huo unatakiwa kuzunguka kifua, ambako mtoto hupumua.

Ongeza sm 1 kuzunguka kila kigezo, isipokuwa kwenye mkunjo wa mgongo. Kipande cha mgongo kikifunuliwa kitakuwa sm 52 kwa 32, na kila kipande cha kifua sm 36 kwa 32.

Hapa ndipo kitambaa kingi huharibika: vipande viwili vya kifua ni kama mikono miwili ya mtu, cha kulia na cha kushoto. Ukikata kimoja, ukasogeza karatasi na kukata cha pili bila kuigeuza, unapata vifua viwili vya kulia. Kwa flaneli iliyo sawa pande zote mbili huenda usigundue. Kwa yenye uso na kinyume, kipande kimoja kimekwenda. Dawa ni kukunja kitambaa uso kwa uso na kukata vyote viwili kwa pamoja. Ikiwa flaneli ina picha zenye kichwa na miguu, hakikisha mashua zote zinaelea upande mmoja.

Bitana ikate hivyohivyo, ila ukingo wa mbele na pindo la chini uzipunguze milimita 3. Bitana ndogo kidogo huvutia mshono ndani, na leso haichungulii nje. Bitana iliyo sawasawa na flaneli huchungulia, kila siku.

Mara tu unapomaliza kukata, kabla ya kazi nyingine yoyote, piga mshono mmoja wa cherehani milimita 5 kutoka ukingoni kwenye ule mshazari wa shingo, kwenye vipande vyote vinne vya kifua. Mshazari umekatwa hanamu, yaani kwa kuvuka nyuzi upandeupande, na hanamu hutanuka kwa kushikwa tu. Bila mshono huo, mpaka ufike kwenye kuunganisha utakuwa umerefuka kwa sm 1 au zaidi, na kikoti kitakaa wazi shingoni kama mdomo wa mfuko.

Kamba: vipande vinne vya sm 20 kwa 4. Kunja kwa urefu katikati, fungua, leta kingo mbili kwenye mkunjo wa katikati, kunja tena, ingiza ncha moja ndani sm 1, ushone. Unapata kamba ya upana wa sm 1 na urefu wa sm 18 baada ya kushonewa. Usiifanye ndefu zaidi ili upate fundo la kipepeo kubwa. Kamba ndefu hujizungusha kwenye vidole na shingoni. Wala usibadilishe kamba kwa vifungo. Kifungo kinachong'oka huishia kinywani, na mtoto wa miezi minne hutia kinywani kila anachokifikia.

Kushona

Weka cherehani kwenye mshono wa milimita 2.5, ambao ni karibu mishono 10 kwa inchi kwenye mashine za zamani. Jaribu kwanza juu ya mabaki ya flaneli na leso pamoja. Uzi ukifanya vitanzi upande wa chini, mara nyingi ni uzi wa juu uliolegea, ukaze kidogo. Flaneli hutoa vumbi la manyoya, kwa hiyo fungua sehemu ya bobini na kuipiga brashi kabla na baada. Vumbi hilo likichanganyika na mafuta na unyevu wa pwani hugeuka gundi.

Asiye na cherehani anaweza kushona kwa mkono, mshono wa kurudi nyuma, mitatu hadi minne kwa kila sentimita. Mikono iliyozoea kofia za viua itaiona ni kazi ya mchezo.

Kulia na kushoto hapa ni kwa mtoto mwenyewe, si kwako unayemtazama.

Anza na flaneli. Unganisha vifua na mgongo uso kwa uso, kwenye bega, kutoka shingo mpaka kifundo. Fungua nafasi ya mshono, ikandamize kwa pasi. Flaneli hukandamizwa, ukiiburuta pasi inatanuka na manyoya yanalala. Kama ni pasi ya makaa, tandika kitambaa chepesi juu, kwa ajili ya jivu. Kisha shona kutoka kifundo, pitia kwapani, mpaka chini. Upande wa kulia, kabla ya kushona, ingiza kamba moja baina ya nyuso mbili, sm 15 kutoka bega, ncha ghafi ikiwa ukingoni na kamba yenyewe imelala ndani. Tao la kwapa lishone mara mbili, ndipo panapofumuka kwanza. Halafu likatekate kwa mkasi mara nne au tano, ukiishia milimita 2 kabla ya mshono. Hatua hii ikirukwa, kwapa huvuta na mkono wa kikoti husimama juu kama wa sanamu.

Bitana ifanye vivyo hivyo kwa tofauti mbili: kamba yake iingie ubavu wa kushoto, na kwenye ubavu wa kulia acha tundu la sm 9 lisiloshonwa. Piga mshono wa kurudi mwanzoni na mwishoni mwa tundu, maana litavutwa sana.

Kamba mbili zilizobaki zinakwenda kwenye ncha za mshazari, pale mshazari unapokutana na ukingo wa wima, moja kwenye kila kifua cha flaneli, upande wa uso, zikielekea ndani. Zikunje na kuzishikiza kwa bandi katikati ya kifua. Kamba iliyoachwa huru hujipenyeza chini ya sindano, nawe hugundui mpaka umegeuza kila kitu.

Sasa ingiza flaneli ndani ya bitana, uso kwa uso, mishono ya bega ikutane na ya ubavu ikutane. Pini ziwe nyingi kwenye mshazari. Anza mgongoni chini na uzunguke mzunguko mzima bila kukata uzi: pindo, kona ya duara, ukingo wa mbele, ncha ya kamba, mshazari, shingo, mshazari wa pili, mpaka unarudi ulikoanzia. Mikono usiiguse. Kwa kuwa bitana ni ndogo kidogo, itabidi uinyooshe kwa wepesi. Iweke juu uione, flaneli iwe chini, upande wa meno ya cherehani.

Punguza nafasi ya mshono ibaki milimita 5. Kona za duara zikate vijipembe vidogo, shingo ikatekate. Ncha ya kamba kata mshazari, lakini mshono wenyewe usiuguse.

Kabla ya kugeuza, kumbuka pini. Kisha geuza kupitia lile tundu, polepole, mkono mmoja kwanza. Kona zisukume kwa mpini wa kijiko. Ncha ya mkasi, ambayo kila mtu huishika kwanza, hutoboa.

Bado tundu liko wazi, na kuna kazi moja ndogo inayorukwa na wengi. Ingiza vidole ndani, tafuta nafasi ya mshono ya kwapa la flaneli na ya kwapa la bitana, uzishikize pamoja kwa mishono minne ya mkono, kulia na kushoto. Bila hivyo, kila unapomvua mtoto kikoti, bitana ya mkono inatoka nje pamoja na mkono wake, na kuirudisha ndani huku analia ni kazi ya watu wawili. Baada ya hapo funga tundu kwa mshono wa kujificha.

Mikono humalizwa kwa mkono. Hakikisha bitana haikujisokota: mshono wa chini wa flaneli na wa bitana vikae pamoja. Kunja flaneli ndani sm 1 na bitana sm 1.2, uzishone zikitazamana, mshono mmoja kila milimita 3. Mzunguko wa kifundo utakuwa sm 17. Unaonekana mpana, lakini vidole vyako viwili vinatakiwa kupita humo kuufuata mkono wa mtoto. Ndiyo njia ya kumvisha: ingiza vidole kutoka nje, ushike kiganja chake, uvute nguo badala ya mkono.

Mwisho, piga pasi na uzungushe mshono wa juu milimita 5 kutoka ukingoni, kwa urefu wa milimita 3. Unapamba kidogo, lakini kazi yake ni kushika bitana mahali pake.

Mwenye kutaka nakshi aifanye kwenye flaneli kabla ya kuiunganisha na bitana, ili mafundo yafunikwe. Shanga na vimetameta havina nafasi hapa. Lasi shingoni nayo si nzuri, hata ikiwa ndogo: huwasha, na mate yakikauka juu yake inakuwa ngumu.

Kufunga, kufua, kutunza

Kamba ya ndani kwanza: ya kifua cha kulia na ile ya ubavu wa kushoto kwenye bitana. Kisha lete kifua cha kushoto juu, ufunge na ile ya ubavu wa kulia nje. Fundo lilegee kiasi cha kidole kimoja kupita.

Kikoti ni cha safari na cha asubuhi yenye manyunyu. Mtoto akishalazwa chumbani ndani ya chandarua, mvue. Baridi au joto lake lipime kisogoni au kifuani. Viganja vya mtoto mchanga huwa baridi hata akiwa na joto la kutosha, na viganja ndivyo vinavyowafanya watu wamwongezee nguo juu ya nguo. Kisogo kikiwa na jasho, amezidishiwa.

Kifue kabla ya kuvaliwa mara ya kwanza, kwa sabuni ya mche isiyo na manukato. Maji ya visima vya mjini Lamu yenye chumvi hayatoi povu vizuri na huacha kitambaa kigumu, tena chumvi iliyobaki hunyonya unyevu wa hewa, ndiyo sababu nguo nyingine hazikauki hata zikae juani siku nzima. Ukiwa na maji matamu kidogo, kama yale yanayotoka kwenye michanga ya Shela, yaweke kwa suuza ya mwisho. Dawa za kulainishia nguo hazihitajiki; huziba manyoya ya flaneli yasinywe jasho. Anika darini, kinyume kikiwa juu ili rangi isipauke, mbali na vumbi la punda.

Katika kuhifadhi, lipo jambo la hatari. Usiweke nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu, kwenye nguo za mtoto mchanga. Watoto wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali inayopatikana zaidi sehemu zilizozoea malaria kama pwani yetu, wakivuta mvuke wake au ukipita kwenye ngozi, chembe nyekundu za damu huvunjika, macho yakawa manjano, na huweza kufikia kuongezwa damu. Kuianika nguo saa moja tu hakutoshi kuuondoa. Nguo iliyotoka kwenye sanduku lenye nafthalini ifuliwe na kuanikwa mpaka harufu iishe kabisa, na kama mtoto amekwisha kuivaa na akaonekana manjano au mkojo wake kuwa wa rangi ya chai, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Udi nao fukiza sanduku likiwa tupu, nguo za mtoto uziingize moshi ukishatoka.

Kila baada ya kufua, geuza mikono nje na upitishe kidole ndani ya kifundo. Uzi mmoja uliolegea unaweza kujifunga kwenye kidole cha mtoto na kuzuia damu. Yeye atalia tu, nanyi mtatafuta sababu tumboni. Ukiukuta, ukate karibu na mshono. Usiuvute.